Kamati ya Hewa Yapaka Mbolea Chokaa

Umma unatangaziwa kwamba hewa ya nchi hii, iliyokuwa ikijiendea ovyo tangu enzi na enzi, sasa imepata Kamati. Kamati ilikutana siku kumi na moja, ikabaini kuwa mbolea ya chumvichumvi ikiachwa juu ya udongo hutoa mvuke unaochafua hewa. Hatua ya kitaalamu ikachukuliwa: mbolea yote ya wakulima ikakamatwa na kufungiwa katika ukumbi wa mikutano wa Kamati yenyewe.

Mama mmoja, ambaye shamba lake lilipakana na ofisi ya Kamati, alifika asubuhi, mtoto mgongoni. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini na yameanza kugeuka manjano. Yakikosa mbolea wiki ile, basi tena.

"Naomba mfuko wangu, mkubwa."

"Mfuko wako uko kwenye mchakato," alisema Mwenyekiti. "Waziri anakuja leo kuukagua."

Mle ukumbini mifuko ilikuwa imefunguliwa midomo, na tarishi alikuwa akiipiga chokaa ya maji, ipendeze machoni pa mgeni. Mama akashtuka.

"Kaka, mbolea hiyo haipatani na chokaa. Itawatoa machozi."

"Mama," alisema Mwenyekiti kwa upole wa mtu mwenye vyeti, "mimi nimehudhuria semina sita za hewa. Wewe je?"

"Mimi naivuta tu."

Hazikupita dakika kumi. Mvuke ukapanda, ukashika pua, ukashika koo. Kamati nzima ikarukia nje kupitia dirishani, kwa kufuata vyeo.

Mwenyekiti, macho yamemvimba kama mfiwa, akamfuata mama uani, alikokuwa amemfunika mtoto uso.

"Dada yangu, tufanyeje? Waziri yuko njiani."

Amekuwa dada. Mama akaliacha lipite.

"Mifuko mizima warudishieni wenyewe. Iliyopata chokaa ifukieni sasa hivi, ikiwa ndani ya udongo haipandi hewani. Shamba langu hilo hapo. Kila shina kishimo, mbolea kifuniko kimoja cha soda, halafu funika."

Waziri aliikuta Kamati imeinama shambani, tai zimetupiwa begani. Akasimama, akavuta pumzi ndefu.

"Hii ndiyo kazi ya kwanza kuiona kwenu," alisema. "Mama, imebaki mistari mingapi?"

Mama akahesabu kwa kidole, bila haraka yoyote.

"Hamsini na miwili, mheshimiwa."

"Basi asinyanyuke mtu."