Programu Iliyonipeleka Golini

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamka na shukrani. Stima iko, maji yako, na Mama Carolyne, mwenye nyumba wangu, amenigongea dirisha kunipa chapati mbili zilizobaki jana. Naishi kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake, hapa Buruburu, Nairobi. Nikilala chali naweza kufunga mlango kwa kidole gumba cha mguu. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ofisi yangu ni hicho kitanda.

Jambo moja tu linanikosesha raha. Jumapili timu yetu ya mtaa inacheza fainali na vijana wa mtaa wa Fedha, na mimi nitakuwa benchi kama kawaida. Jana kocha Nahashon aliniingiza mwishomwisho. Nikakimbia kwa bidii, kipenga kikalia kabla sijagusa mpira. Austine, mfungaji wetu, akaniambia nimekimbia vizuri. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsifu mtoto kwa kumaliza uji.

Shida ni kwamba nilishamwambia mama yangu, aliye Machakos, kwamba mimi ni nguzo ya timu. Amesema Jumapili akitoka kanisani atapanda gari aje aione hiyo nguzo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata njia. Nashukuru Mungu kwa kichwa hiki.

Nimemwendea kocha Nahashon na kumweleza kwamba timu kubwa za Ulaya hazichagui wachezaji na nafasi zao kwa macho siku hizi. Zinatumia programu. Nimejitolea kumwandikia moja, bure. Kocha anafanya kazi ofisi za kaunti na anapenda sana kitu chochote kinachotoka kwenye printa. Macho yalimng'aa.

Jioni nimeandika vipimo. Kuhudhuria mazoezi: alama nyingi sana. (Mimi sikosi. Nafanyia kazi nyumbani.) Kutoonyeshwa kadi: alama nyingi. (Ni vigumu kuonyeshwa kadi ukiwa benchi.) Miguu isiyochoka: alama nyingi. Mabao: alama chache, maana Austine amejaaliwa mengine. Nikaongeza kipimo cha nidhamu ya kukaa mahali pako bila kuzurura uwanjani. Programu itakisoma yenyewe kutoka kwa video zetu za mazoezi.

Nimeiendesha. Jina la kwanza juu kabisa: Kyule, yaani mimi. Nimefunga kompyuta kwa furaha na kumtumia kocha bila kusoma zaidi.

Vivian, bosi wangu, amepiga simu ya video. Kitufe cha kutuma kwenye programu ya wateja kinatuma mara mbili. Nimemwambia nakishughulikia.

Alhamisi, 11 Septemba

Laiti ningesoma zaidi.

Kocha ametusomea kikosi leo baada ya mazoezi, taratibu, kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani wa taifa. Akaanza na jina langu. Nikainua kidevu. Halafu akasoma nafasi yangu.

Golikipa.

Nimeelewa baadaye. Programu iliangalia video zote ikaona kwamba katika timu nzima hakuna mtu asiyezurura kama mimi. Ikaamua mahali panaponifaa ni golini.

Kipa wetu ni Muoki, yule wa duka la dawa karibu na soko. Msimu mzima ametuokoa. Alivua glavu zake akaniletea.

"Ndani zina joto kidogo," akasema. "Utazizoea."

Nimemwambia kocha huenda kuna hitilafu. Akanipiga bega. "Kyule, kompyuta haina binamu kwenye timu. Haimpendelei mtu."

Ijumaa, 12 Septemba

Nimerekebisha programu. Muoki golini, mimi winga wa kulia. Nimempelekea kocha jibu jipya kabla hajaenda kazini. Amekataa hata kuliangalia. Amesema kura zikishatangazwa, anayeleta hesabu nyingine anaitwa mwizi, na yeye hatakubali niitwe hivyo. Nimemshukuru. Ningefanya nini?

Vivian ameuliza kuhusu kitufe. Sasa kinatuma mara tatu.

Jumamosi, 13 Septemba

Mpango wa pili: kuugua.

Asubuhi nimemwambia Mama Carolyne kwamba mwili wote unauma. Kosa kubwa. Ameleta tangawizi na ndimu, akaleta kitunguu saumu nitafune, akanifunika blanketi alilopewa kanisani. Kisha akampigia Muoki simu. Muoki akafunga duka Jumamosi, siku ya wateja wengi, akaja na mkoba wa dawa ili anitibu nipone nikacheze kwenye nafasi yake. Sijawahi kujisikia vibaya hivyo chini ya blanketi la mtu mwingine.

Akanipima joto. Akanishika mkono akisikiliza mapigo.

"Kyule, uko sawa kabisa."

Nikamwambia maumivu yako ndani.

"Ndani wapi?"

Nikasema pande zote.

Akakaa kando ya kitanda, yaani ofisini kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naogopa. Nikakubali kwamba naogopa kidogo. Hakunicheka. Aliniamsha akanipeleka uani, katikati ya nguo zilizoanikwa, akanifundisha kusimama, kukunja magoti, kuuangalia mpira badala ya mtu. Mama Carolyne alipiga shuti moja akiwa na kandambili. Likanipita. Akaniomba msamaha.

Nilitaka kumwambia Muoki ukweli, kwamba programu niliipindisha mwenyewe. Nikafungua mdomo. Wakati huohuo Mama Carolyne akatokea na chai na maandazi, na mdomo ukapata kazi nyingine.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kwa jicho moja.

Mama amefika na leso yake nzuri, akaketi karibu kabisa na goli langu. Watu walijaa pande zote za kiwanja. Bao la kwanza la Fedha lilikuja polepole. Nilikuwa na muda wa kutosha kulisubiri. Nilikunja magoti kama nilivyofundishwa, nikauangalia mpira kama nilivyofundishwa, ukapita katikati ya miguu yangu nikiwa bado nauangalia. Nikamsikia Mama akimuuliza jirani yake kama kazi ya nguzo ndiyo hiyo.

Mapumziko nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kocha mbele ya wote kwamba vipimo nilivipanga mimi ili nichaguliwe, na kwamba kipa ni Muoki. Kocha akatabasamu. Akawaambia wachezaji waone jinsi kijana alivyo mnyenyekevu. Akasema hakuna mabadiliko.

Lakini Muoki alikuwa amesikia. Alinifuata nikirudi golini.

"Ulikuwa unataka nafasi gani?"

"Winga."

Akaangalia chini, akaipiga kokoto kwa kiatu. "Ungeniambia tu. Mimi na Austine tungezungumza na kocha. Kila wiki tunamwambia akuingize mapema."

Sikujua. Miezi yote hiyo nilidhani wananionea huruma ya kejeli, kumbe walikuwa wananiombea nafasi. Refa akapuliza kipenga.

Muoki akasimama nyuma ya wavu wangu. Angeweza kwenda kukaa kivulini. Akaniongoza: sogea kulia, rudi, usimwangalie yule. Kisha Fedha wakapewa penalti. Mpigaji wao ana mapaja kama magunia ya viazi.

"Usiruke," Muoki akasema nyuma yangu. "Simama katikati. Huyu hupiga katikati."

Mimi nilikuwa nimeshaamua kuruka kushoto, maana kwenye picha magolikipa huruka. Nikaruka. Mguu wa kulia ukateleza kwenye vumbi, nikabaki palepale, na mpira ukanikuta usoni, ukarudi uwanjani.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni Austine akiwa amenibeba mgongoni hadi nje, na Mama akinipepea kwa leso akiwaambia watu wote kwamba huyu ni wake. Jicho lilikuwa limevimba, halifunguki. Kocha hakuwa na la kufanya. Muoki akavaa glavu zake.

Nimeiona nusu ya mechi, ile iliyokuwa upande wa jicho zima. Muoki alidaka kila kitu. Austine akasawazisha, kisha kwa kona ya mwisho akafunga kwa kichwa. Tumeshinda kombe. Wamenibeba mimi kwanza, kabla ya Austine, kabla ya Muoki. Nilipowaambia wanishushe wambebe Muoki, Muoki alikuwa mmoja wa walionishika miguu. Machozi yalinitoka. Nikasingizia jicho.

Jumanne, 16 Septemba

Nina watu wema kuliko ninavyostahili. Mama hajarudi Machakos. Yeye na Mama Carolyne wamekuwa marafiki na wanapika pamoja, wakibishana kuhusu muthokoi na githeri, yaani mahindi ya maharage yaliyokobolewa na yasiyokobolewa, nami nakula pande zote mbili za ubishi. Austine amekuja na ndizi. Vivian alipoona uso wangu kwenye simu amerekebisha kitufe mwenyewe.

Muoki ameleta dawa ya kupaka. Nimemwomba msamaha vizuri, nikiwa nimeketi wima. Amesema yamekwisha, ila nimuahidi jambo moja: nisiandike tena programu ya kujichagua. Nimemuahidi kwa moyo wangu wote. Mkono wake ulikuwa na harufu ya dawa ya kikohozi na nikajua huyu ni rafiki wa maisha.

Kocha naye amepita. Anaisifu programu kila mahali. Anasema ilijua tangu mwanzo kwamba fainali ile ilihitaji uso wa kuzuia penalti, jambo ambalo binadamu asingeliona. Mwanzoni nilipinga. Lakini nimelitafakari mchana kutwa na kusema kweli, hoja yake ina uzito.

Saa kumi Vivian ameita kikao. Kampuni itampeleka mtu mmoja Kigali kwenye mkutano wa wataalamu, hoteli na ndege juu yao, na hajui amchague nani bila kuleta manung'uniko. Nimemwambia asijali, aniachie mimi, nitamwandikia kitu kidogo cha haki kabisa.

Ahadi kwa Muoki ilihusu mpira. Hii ni kazi. Tena sasa najua kosa lilikuwa wapi: kile kipimo cha kutozurura, na nimekifuta. Nimeanza na vipimo vipya vitatu. Cha kwanza ni kuwahi kuumia kwa ajili ya wenzako.