Masanduku ya Kutagia ya Fundi Mdomo

Mbao za kubebea mizigo ya meli zilipotupwa nyuma ya ghala, watu wengine waliona kuni. Fundi Mdomo aliona cherehani. Mkewe, fundi nguo, alikuwa amehamia kwa kaka yake tangu Mdomo alipoiuza cherehani yake kimyakimya, na kabla ya kuondoka alimwambia asimfuate bila nyingine. Mtaani pale cherehani iliyokaa bure ilikuwa moja tu, sebuleni kwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mfuga kuku.

Mwalimu naye alikuwa na lake. Kuku wake walitagia vichakani, na mayai yakaishia kwa mbwa wa jirani. Mdomo akamweleza, kwa sauti ya daktari bingwa, kwamba ubao uliovuka bahari una utulivu ndani yake, na kuku akiulalia hutaga maradufu. Mwalimu akauliza kama hata kuku wazee wamo. Akaambiwa wazee ndio hasa. Wakakubaliana: masanduku yakijaa mayai kwa wiki nzima, cherehani ni ya Mdomo.

Tumpe haki yake, kazi aliijua. Alichomoa misumari, akainyoosha juu ya jiwe, akapiga mbao randa. Paa aliliinamisha kuku wasilale juu yake, mbele akaweka kizuizi mayai yasibingirike, chini akatandika maranda. Kuku wakayatazama masanduku, wakarudi vichakani.

Hilo alilitarajia. Kila alfajiri alipitia dukani, kisha akaingia bandani kwa Mwalimu "kukagua," mifuko imejaa mayai, akayapanga kwenye maranda kwa adabu kubwa. Ili kuyanunua aliuza redio, halafu viatu vya sherehe. Wajanja huita hiyo mtaji.

Wiki ilipoisha Mwalimu aliomba aongezewe wiki nyingine, eti upepo uliwachanganya kuku. Mdomo akauza kitanda.

Siku ya mwisho alifika na mkokoteni, amenyoa ndevu. Pale cherehani ilipokuwa palikuwa na sakafu tu.

"Mwalimu, cherehani iko wapi?"

"Anayo mkeo. Kaa kwanza, mwanangu, unywe maji."

Akamweleza bila haraka. Asubuhi ya kwanza kabisa alishika yai akalikuta baridi, limetoka kwenye friji, wakati kuku wake hawana friji. Alitaka kumfukuza, lakini yai ni yai. Akamwita mke wa Mdomo, maana ndiye aliyekuwa akimshonea nguo, wakashauriana. Tangu siku hiyo mkewe alikuwa akipita mlango wa nyuma, akiyabeba mayai na kuyauza kwenye duka lilelile. Fedha ilipofikia bei, akainunua cherehani ya Mwalimu.

Mdomo akapiga hesabu. Muda wote ule alikuwa akinunua mayai yaleyale. Ilimuuma, lakini moyo ulimruka pia, kwani cherehani ilikuwa imepatikana, tena kwa jasho lake, ukiangalia vizuri. Akauliza, karibu kwa furaha, mkewe anarudi lini.

Mwalimu akatazama pembeni. Huyu mama alikuwa amefundisha watoto wakorofi maisha yake yote, na bado neno hili lilimpa tabu.

"Anakushukuru sana," alisema. "Amesema cherehani sasa anayo, kwa hiyo usijisumbue tena kumfuata."