Maoni ya Kiti cha Pili

Jumatatu, tarehe 3
Shangazi, ambaye saluni ni yake, ametoa tamko kabla hata sijachomeka mashine. Kuna msusi anatafuta nafasi. Ikifika Jumamosi kiti changu bado kinakaliwa na magazeti, anampa huyo. Undugu tuuache nyumbani, kasema. Imeniuma.

Kunyoa najua. Tatizo ni Rimoti, kinyozi wa kiti cha kwanza. Ananyoa kawaida tu, ila ana maoni. Muvi gani mbovu, gemu gani jipya, mwanamuziki gani kafulia. Watu wanamsubiri yeye na kiti changu kiko wazi, eti hawana haraka. Haya. Na mimi nitakuwa na maoni.

Jumanne, tarehe 4
Nimeangalia muvi kwenye simu wakati wa chakula cha mchana. Dakika ya kumi na mbili nikasinzia. Nilipoamka yalikuwa yanapita majina ya waliopika chai. Maoni yangu: muvi ni ndefu bila sababu, utamu wote uko mwishoni. Kesho naanzia huko huko.

Jumatano, tarehe 5
Nimepata dakika kumi za mwisho za picha inayoonyeshwa sinema wiki hii. Nimeliambia benchi zima: stelingi anakufa, na anayemuua ni dada yake wa tumbo moja. Nilitegemea mjadala. Kumbe wawili walishakata tiketi za leo.

Mwalimu, mteja wangu pekee wa kudumu, alikuwa kitini nusu kichwa, tiketi mfukoni. Kainuka na kitambaa changu shingoni, kahamia kwa Rimoti. Rimoti kammalizia huku akipiga mluzi. Dharau iliyoje!

Alhamisi, tarehe 6
Nimeazima gemu la shemeji. Yeye hayupo, dada nimemwambia nalitoa vumbi. Nimeelekeza televisheni kwenye kiti changu, na sheria ni moja: anayenyolewa kwangu anacheza mpira huku nanyoa. Kufika saa sita foleni yote yangu. Rimoti anafagia! Shangazi kanichekea, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho.

Saa nane kaja bwana harusi. Ndoa Jumamosi. Nilikuwa nachonga nyuma ya sikio, taratibu kabisa, yeye sare ya moja moja. Dakika ya themanini na tisa kafunga bao, karuka juu. Mashine ikapita kutoka sikioni hadi utosini. Kosa ni la beki, alimwacha peke yake.

Nikamwambia huo ndio mtindo wa wachezaji wa kwenye gemu. Kajitazama kwenye kioo, halafu kauliza taratibu kama mama mkwe wake anajua magemu.

Ijumaa, tarehe 7
Bwana harusi karudi na mama yake mzazi. Mama hakutaka kuniona. Rimoti kamnyoa bwana harusi kipara, kampaka mafuta, kapendeza, nakiri. Shemeji naye kaja kuchukua gemu lake. Waya kauchomoa mwenyewe.

Nimemkumbusha Shangazi kwamba jana nilinyoa vichwa kumi na kimoja. Kasema anakumbuka kimoja tu. Msusi anaanza kesho. Miaka minne nimesimama nyuma ya kile kiti, leo nimekifuta vumbi mwenyewe nikamwachia mwingine.

Jumamosi, tarehe 8
Shangazi hakunifukuza. Kanipa beseni la kuoshea nywele, kule nyuma ya pazia. Nioshe vichwa, nifunge mdomo. Nimekubali kwa moyo mmoja, nimemshukuru sana.

Saa nne kaletwa mteja wa kwanza, karani wa posta. Nimemlaza chali, shingo kwenye beseni, povu hadi kwenye nyusi, macho kayafumba. Ndipo nikaona nina kitu ambacho Rimoti hajawahi kuwa nacho: mteja asiyeweza kuinuka.

Nikamuuliza kama ameshaiona ile tamthilia mpya inayozungumzwa kila mahali. Kasema bado, ameitunza waiangalie pamoja na mkewe kesho.

Nikamwambia atulie hapo hapo, ana bahati sana kunikuta mimi.