Cheti cha Uhai cha Mzee Nassor

Saa 1:47 asubuhi niliwasha kompyuta. Saa 7:12 mchana nilikuwa nimemuua Mzee Nassor kwa maandishi. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wapagazi wa Kariakoo, maana wao wataongeza chumvi, na haihitaji.

Kwa wasiomjua: Mzee Nassor ni mpangaji wa chini kwenye jengo letu. Alifanya kazi chumba cha injini kwenye meli za Wajerumani miaka ishirini na sita. Kila mwaka ofisi ya pensheni huko Ujerumani inamdai cheti cha uhai: karatasi ya Kijerumani yenye picha yake, saini yake na mhuri wa serikali ya mtaa, kuthibitisha kwamba bado anapumua. Barua pepe hawataki. Wanataka posta au faksi. Leo Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho, na wao hufunga saa sita kwa saa zao, saa nane kwetu. Cheti kisipofika, malipo yanasimama. Yaliposimama mara ya mwisho, kuyarudisha kulichukua miezi saba, na miezi hiyo yote Mzee alikuwa anakata vidonge vya presha nusunusu.

Mashine za faksi Kariakoo zimekwisha. Mimi, fundi wa kalkuleta na mizani, nina kompyuta ya miaka ya tisini yenye mfumo wake wa asili, ule uliokuja kwenye disketi ishirini na mbili. Ina kadi ya modemu inayojua kutuma faksi, na nina simu ya mezani. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kitabu chake chote, na viambatisho. (Mke wangu anaweza kuthibitisha, kwa uchungu.)

"Shikamoo mzee," nikamsalimia alipoingia na cheti chake.

"Marahaba fundi. Hawa watu wanataka ushahidi gani? Kila mwaka nawapigia simu kuwalalamikia. Maiti analalamika?"

Nikaanza kazi. Programu ya faksi haikuiona modemu. Modemu na kipanya vilikuwa vinagombea njia moja ndani ya mashine: modemu ikipiga simu, kipanya kinaganda, ukitikisa kipanya, simu inakatika. Nikachomoa kadi, nikabadilisha njia, nikarekebisha faili la mipangilio, nikawasha upya. Mara nne. Kila hatua niliiandika kwenye daftari.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kaburi lilipochimbwa. Katika mfumo ule, faksi na printa ni aikoni mbili kwenye skrini, zinafanana kama mapacha. Unakokota waraka, unaudondosha juu ya aikoni, unaondoka. Mimi nilizipa namba. Na. 1 faksi, Na. 2 printa. (Majina niliyaona ni ya watu wasio na mpangilio.) Saa 4:10 ikabidi niziunde upya, safari hii printa ikatangulia, ikawa Na. 1. Nikaandika hivyo ukurasa wa sita wa daftari. Ukurasa wa nne sikuufuta.

Saa 4:30 nikaagiza programu ipige simu yangu ya mkononi kwa majaribio. Ikapiga. Ikalia ule mlio wake.

"Boila letu lilikuwa linalia hivyohivyo likikosa maji," Mzee akasema. Lakini alitabasamu.

Saa 4:40 akaingia Mama Joy, muuza sufuria wa jumla pale chini, macho mekundu. Baba mkwe wake amefariki, na msafara wa kwenda Moshi unaondoka leo saa kumi na mbili jioni. Alitaka tanzia ya ukurasa mmoja, yenye picha, akaitoe nakala hamsini zibandikwe sokoni.

"Pole sana mama," Mzee akasema. "Fundi, mhudumie kwanza. Msiba ni msiba."

Nilinyoosha mgongo. Nakumbuka kabisa nilinyoosha mgongo.

"Hakuna wa kwanza wala wa pili, mzee. Mashine hii inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja na haichanganyi."

Nikachapa tanzia, nikapitisha picha ya marehemu kwenye skana, kisha cheti cha Mzee. Nikaandaa ukurasa wa mbele wa faksi: jina la Mzee na namba yake ya pensheni. Saa 5:20 nikafungua daftari. Ukurasa wa nne. Cheti nikakidondosha Na. 1, tanzia Na. 2.

Printa ikanguruma, modemu ikalia, kwa pamoja. Jambo zuri sana kuliona! Karatasi ikatoka kifudifudi, nikaitia kwenye bahasha ili isikunjike, nikamkabidhi Mama Joy. Akaondoka mbiombio. Skrini ikaandika: imetumwa, kurasa mbili, makosa hakuna.

"Makosa hakuna," nikamsomea Mzee. Akanishika mkono, akaenda zake swala ya Ijumaa.

Saa 7:12 ikaingia faksi kutoka Ujerumani. Katika miaka yote, ofisi ile haijawahi kujibu siku ileile. Leo imejibu. Wamepokea taarifa kwa masikitiko, wanaipa familia pole, na malipo yamesimamishwa kuanzia leo.

Kiswahili hawajui, lakini ukurasa wa mbele ulikuwa na jina la Mzee, na wa pili msalaba, picha ya mzee mwenye mvi na tarehe mbili. Hapo huhitaji mkalimani.

Saa 7:15 simu ya Mama Joy. "Fundi! Mzee Nassor anafanya nini kwenye karatasi zangu? Wapagazi wamebandika zote hamsini!"

Nilikuwa sijamjibu vizuri, Mzee akaingia.

"Fundi, leo msikitini kuna nini? Watu wamenisalimia mara mbilimbili. Mmoja ameniminya mkono kama anapima nyama."

Nikampa ile faksi. Nikampa na nakala ya kilichotumwa. Akazisoma mojamoja.

"Umeniua," akasema taratibu. "Halafu umenibatiza."

Saa 7:31 nikapiga Ujerumani, nikampa yeye simu. Aliongea Kijerumani cha chumba cha injini, kwa sauti ya chumba cha injini. Kisha akafunika kipokeo.

"Anasema sauti si ushahidi. Anataka faksi."

Mzee akavuta kiti mpaka kwenye skrini.

"Toa hizo namba. Andika majina."

Nikaandika FAKSI, nikaandika PRINTA. Nikaongeza barua ya maelezo, akaisaini. Laini ilikuwa bize mara tatu. Mzee alikaa ameshika kichupa cha vidonge mfukoni. Saa 7:52 faksi ikapita. Saa 7:58 jibu: cheti kimepokelewa, malipo yanaendelea, na tafadhali mwakani tuwe waangalifu zaidi.

Basi nikachapa tanzia sahihi, nikatoa nakala hamsini, tukaenda kubandua zile za mwanzo. Mzee alikataa kubaki nyuma. Kwenye nguzo ya tatu, pale wanapouza mitumba, nilikuwa nimeshaushika uso wake wa kwenye karatasi kwa kucha, mama mmoja akanipiga kofi mkononi.

"Huna adabu! Unamchania marehemu picha? Mwache apumzike!"

Watu wakasimama. Nikajaribu kueleza habari ya aikoni mbili. (Msijaribu.) Ndipo Mzee Nassor akasogea kutoka nyuma yangu na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa.

"Mama, mwache achane. Marehemu ni mimi."

Mama yule alikimbia, akaacha kandambili moja. Soko zima likaangua kicheko, na waliokuwa hawajasoma karatasi wakaja kusoma. Nimebandua arobaini na tisa. Ya hamsini kaichukua Mzee, anasema ataiweka ndani kwake kwa ajili ya mwakani.

Mama Joy nimemwomba radhi mlangoni mwa basi la msafara, saa 11:40. Alisema, "Baba mkwe angecheka sana," kisha akalia, na mimi nikabaki nimesimama na gundi mkononi.

Ukurasa wa nne nimeuchana. Pesa za nakala za Mama Joy nimemrudishia, shilingi 5,000. Nakala mpya 5,000. Gundi 2,000. Simu na faksi za Ujerumani 16,400. Kandambili ya yule mama bado ninayo, sijaithaminisha. Jumla ya hasara: shilingi 28,400.