Masizi ya Shimo la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Mimi! Nusu chungu, shimo la tatu, tabaka la chini kabisa. Profesa, mkuu wa uchimbaji wetu, aliahidi kwamba atakayeibua kitu cha maana ataandikwa jina kwenye ripoti. Mchoraji, anayepima hata kokoto, akanikataza kukigusa mpaka akichore. Wivu tu! Mama mkwe huniita panya buku kwa kazi hii ya mashimo. Ngoja. Ripoti ataisoma, tena kwa sauti.

Jumanne, 4 Machi
Chungu kimejaa masizi ndani. Aibu gani hii, na kitapigwa picha! Wenzangu walipokwenda chai nikakisugua kwa sabuni na waya wa sufuria. Kinang'aa! Profesa alipokiona alikaa juu ya ndoo, hoi. Akasema masizi yale ndiyo yangepelekwa maabara, yaseme watu wa kale walipika nini. Mchoraji akacheka mpaka penseli ikamponyoka. Jina langu hatarini kwa kosa la usafi!

Jumatano, 5 Machi
Masizi yakitoka, hurudishwa. Mchana nimekiazima chungu stoo, nikaenda nacho nyumbani. Mke wangu akauliza sufuria zina nini. Nikamjibu hii ni sayansi. Maharage, nyanya, bizari, mafuta ya alizeti. Nimeyaunguza kwa makusudi. Meusi tii! Nikamwambia Profesa kwamba nimechunguza vizuri, masizi bado yapo tele. Kapeleka maabara. Akili ni nywele, na mimi sina upara.

Ijumaa, 25 Aprili
Leo matokeo yametangazwa ukumbini. Mama mkwe kiti cha mbele, mke wangu kando yake, niliwaalika mwenyewe. Profesa akasema maabara imekuta mafuta ya dukani, hivyo chungu hakiwezi tena kutuambia lolote. Mke wangu akaangua kicheko. Hapo kila mtu akajua. Nikakiri, ila nikaeleza kwamba moto niliukadiria vizuri sana.

Jumamosi, 31 Mei
Ripoti imetoka! Ukurasa wa arobaini unaonya wachimbaji wote wasifanye kama "mfanyakazi mmoja wa shimo la tatu". Shimo la tatu nilikuwa peke yangu! Mama mkwe ameusoma mara mbili, kisha akauficha uso kwa mkoba. Furaha hiyo, imemzidi.

Profesa amenihamishia kwenye kuchekecha udongo. Amenisihi nisiguse kitu kingine. Lakini chekeche lenyewe lina matundu madogo mno, linachelewesha kazi. Jumatatu nitakuja na msumari niyapanue.