Mtaa Wenye Hewa Safi Kuliko Yote

Wananchi wote wenye pua wafahamu kwamba suala la moshi mjini lilikwisha rasmi siku ile Mkurugenzi wa Hewa alipozindua gari la kuchajia. Vihisi, yaani vile vidude vya kunusa moshi vilivyofungwa kwenye nguzo mji mzima, vilikuwa vinaishiwa betri. Gari lingepita chini yake na kuvitilia chaji bila waya, kama mtu anavyomsalimia jirani bila kuingia ndani.

Gari likapita hivyo kwa wiki moja. Wiki ya pili Mkurugenzi akaligundulia matumizi makubwa zaidi: kiti chake cha nyuma kilikuwa laini.

"Sasa bosi, vihisi vitachajiwa saa ngapi?" dereva aliuliza, wakiwa njiani kwenda harusini.

"Kwani vihisi ni wakwe zangu, hata nivifuate mlango kwa mlango? Vibandue, vilete ofisini, vichajiwe kwa pamoja. Huo ndio ubunifu."

Dereva akavibandua vyote na kuvipanga uani kati ya maua. Kimoja tu, cha mtaa wa kiwanda cha saruji, kiligandiwa na vumbi kikakataa kung'oka. Kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo kwenye mtambo wa ofisini unaopokea vipimo vya moshi kilisomeka sifuri. Mkurugenzi akakisifu redioni.

Shangazi yake, mkazi wa mtaa huohuo, akaja ofisini ameshika kifua. "Mwanangu, tunakwisha kule."

"Shangazi, mtambo unasema kwenu ndiko kwenye hewa safi kuliko kote. Hicho kikohozi umekitoa wapi?"

Shangazi akachungulia dirishani, akaviona vihisi vimetulia uani, vinawaka taa za kijani. "Kumbe mnatupumulia huku," akasema, akaenda zake.

Haukupita muda, umeme ukakatika. Mkurugenzi akaamuru jenereta iwashwe palepale uani, vihisi visije vikapungukiwa. Jenereta ikatema moshi mweusi tii. Vihisi, vilivyojaa chaji pomoni, vikafanya kazi viliyoajiriwa: vikaiarifu wizara, kila kimoja kwa jina la mtaa wake, kwamba mji mzima unateketea.

Waziri akapiga simu. "Vihisi viko wapi?"

Mkurugenzi akapiga hesabu. Akisema viko uani, kazi hana. "Kwenye nguzo zake, mheshimiwa. Na havijawahi kusema uongo."

"Vizuri. Basi viongozi tuwaokoe kwanza. Naona mtaa mmoja tu una sifuri. Nimeshakupatia nyumba huko, uhamie leo na familia. Mimi ningekuja, ila nina safari ya nje."

Mchana uleule lori la wizara likamshusha mtaa wa saruji, yeye, mkewe na makochi meupe ambayo hayakufika mlangoni yakiwa meupe. Akafungua kinywa alalamike, kikatoka kikohozi.

Shangazi akamletea maji. "Karibu nyumbani, mwanangu. Ila kohoa taratibu. Usije ukatuchafulia sifuri yetu."