Dua ya Bibi Kwenye Dirisha la Mihuri

Jamani, leo nimeumbuliwa na bibi yangu, na mwenyewe wala hakuwepo. Yeye yuko zake Makurunge anapalia mihogo. Mimi niko kitandani, shuka nimejifunika gubigubi, naandika haya kwa kidole kimoja. Msinipigie. Sipokei.

Kwa wasiojua: mume wangu Shabani ni fundi wa kuchomelea, yuko Uturuki kwenye karakana ya meli. Tulifunga ndoa, tukakaa siku chache, akaondoka. Tangu hapo ndoa yetu inaishi kwenye simu (bando likikata, nakuwa mjane). Sasa mambo yamenyooka, naitwa nikaishi na mume wangu! Kilichobaki ni cheti cha ndoa tu. Kigongwe muhuri wa serikali Dar, halafu nikipeleke ubalozini, na miadi ya ubalozini ni kesho asubuhi. Nikiikosa naanza foleni upya, na waliowahi kuikosa wananiambia foleni hiyo mtu anaweza kuzeekea humo.

Cheti alikuwa nacho Bibi. Kwetu karatasi zote za maana zinakaa kwenye sanduku lake, maana mchwa wa Makurunge hawachagui cha kula. Juzi nimekwenda kukichukua, nikakuta amekipeleka mjini Bagamoyo kwenye duka la kutoa kopi, kimepigwa laminesheni. Plastiki ngumu hiyo, inang'aa! Ukikigonga kinalia kama sahani ya melamini.

"Bibi, sasa hii ya nini?"

"Nimekukingia," akasema. "Huko uendako kuna mvua na mambo mengine."

Sikuuliza hayo mambo mengine ni yapi. (Ningeuliza, saa hizi ningekuwa sebuleni na watu.) Nikakigeuza nyuma, nikaona mistari ya maandishi ya Kiarabu kwa wino wa rangi ya zafarani. Nikajua ni mambo ya shehe aliyetufungisha ndoa, nikakitia kwenye mkoba.

Leo nimetoka nyumbani nimependeza, acha kabisa. Abaya mpya, wanja, udi mpaka kwenye soksi, utadhani muhuri nagongewa mimi kwenye paji la uso. Pale ofisini watu wamejaa, na watumishi wanaita namba kwa kipaza sauti kutoka nyuma ya kioo. Mara Shabani huyo, anapiga video. Eti anataka auone muhuri ukigongwa kwa macho yake mwenyewe. Nikamtegesha kwenye mfuko wa mkoba, kamera imechungulia nje. Namba yangu ikaitwa.

Dirishani alikuwepo mama mmoja wa makamo, ushungi safi, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, lete tukione."

Nikampitishia cheti. Akakipokea, akakigonga kwa ukucha. Ko, ko, ko. Akaniangalia.

"Nani alikushauri ukitie plastiki?"

"Bibi yangu."

"Muhuri haukamati hapa. Tazama." Akagonga muhuri kwenye plastiki, akapitisha kidole gumba, ukafutika wote. "Sisi tunagonga nyuma, juu ya karatasi yenyewe. Sasa karatasi imo humo ndani, nitaifikiaje?"

Nikamweleza habari ya miadi ya kesho, nikamweleza habari ya mume, na nadhani nilimweleza mpaka habari ya mchwa. Machozi yalikuwa yashafika kwenye wanja. Mkoba nao ukauliza kwa sauti ya Shabani, "Vipi, tayari?" Nikaubana kwa kiwiko.

Yule mama akakigeuza cheti. "Na haya maandishi ya nyuma ni ya nani?"

Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikataka nionekane nimekamilika.

"Hayo ni ya kadhi, mama. Ameshakithibitisha."

"Kadhi anaandika kwa zafarani?"

"Kadhi wa... wa huko kwetu."

Akapandisha miwani, akainama karibu kabisa na kile kipaza sauti chake. Hakukizima! Nakula kiapo, hakukizima.

"Mbona hiki si Kiarabu?" sauti yake ikajaa ukumbi mzima. "Hiki Kiswahili, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mimi kwetu Pangani, bibi yangu alikuwa akiandika hivihivi."

Chuoni nimesoma, msahafu naupitia vizuri tu. Lakini ule mwandiko wa wazee, wa haraka haraka na usio na irabu, siuwezi. Yeye anauweza. Akaanza kusoma, kwa utulivu kabisa, kama anasoma taarifa ya habari:

"Ewe Mola, huyu ni mjukuu wangu Mwanahamisi, namkabidhi kwako, kisha kwa mumewe Shabani. Mjukuu wangu anakoroma, basi mpe mumewe usingizi mzito."

Kuna mtu nyuma yangu akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Anapokasirika hununa mpaka chakula kikachacha. Mpe mumewe subira. Na wanawake wa huko ugenini wakimtazama Shabani, wamwone kama kinu."

Nikasema, "Mama, inatosha." Hakunisikia, alikuwa amenogewa.

"Na zile hotipoti za Ijumaa alizopelekewa Shabani wakati wa uchumba, pilau na maandazi, Mola wangu unajua kwamba nilipika mimi. Huyu mtoto hajui hata kuchambua mchele. Basi mjaalie Shabani tumbo la kuvumilia, mpaka mkewe ajifunze. Amina."

Ukumbi mzima, jamani, waliokaa na waliosimama, na askari wa mlangoni: "AMINA!"

Nilitamani ardhi ipasuke, nayo ikagoma. Halafu, katikati ya vicheko, mkoba ukaita.

"Mwanahamisi."

"Abee."

"Ile pilau ilikuwa ya Bibi?"

Watu wakanyamaza wote kwa mpigo. (Wabongo! Namba zao zinaitwa hawaitikii, lakini hapa masikio yamesimama.) Mzee mmoja wa kanzu akaniambia kwa upole, "Mjibu mwenzio, mwanangu."

"Ya Bibi," nikasema.

"Na maandazi?"

"Na maandazi."

Nikasikia anavuta pumzi ndefu, huko Uturuki.

Yule mama wa dirishani alikuwa amevua miwani, anafuta machozi kwa ncha ya ushungi. Alipotulia akachukua wembe. "Ngoja tujaribu upande wa nyuma. Kikichanika, usije kunililia." Nikaitikia kwa kichwa. Kama kikichanika, kesho sina cha kupeleka, na Shabani anabaki mume wa kwenye kioo. Akakata pembeni taratibu, akaanza kubandua plastiki. Nikafumba macho, nikasoma kila sura ninayoikumbuka.

"Fumbua," akasema.

Nyuma ya cheti palikuwa peupe, pasafi, hakuna hata mkwaruzo! Kumbe Bibi hakuandika kwenye cheti. Aliandika kwenye karatasi nyingine nyembamba, ukubwa uleule, akaipachika mgongoni mwa cheti kabla hakijaingia mashineni. Gundi ya plastiki ikaikamata hiyo karatasi, cheti isikiguse.

"Isingekuwa hii dua," akasema yule mama, "karatasi yako ingechunika yote. Mbele kinasomeka, tukiache na koti lake."

Akagonga. PAA! Vigelegele vikapigwa na wanawake ambao hata siwajui. Yule mama akanirudishia cheti, kisha akanipa na ile dua, bado imeng'ang'ania plastiki yake. "Hii kaibandike jikoni," akasema. Kipaza sauti bado kilikuwa wazi.

Nje nikakuta Shabani ameshakata, nikampigia Bibi, nimefura.

"Bibi, umeniaibisha mbele ya watu wote wa Dar!"

"Muhuri wamegonga?"

"Wamegonga."

"Sasa unalia nini?" Akakata, akarudi kwenye mihogo yake.

Nikapanda basi, nikarudi nyumbani Bagamoyo. Ndipo ikaingia meseji ya Shabani: "Kukoroma nilikuwa najua. Pilau ndiyo imeniuma." Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi, ikaingia nyingine: "Njoo hivyo hivyo, mke wangu, nimekuchoka kwenye simu. Ila muulize Bibi kama ana pasipoti."

Kwa hiyo kesho ubalozini, kisha insha'Allah naenda kwa mume wangu. Naombeni msicheke. Na mkishindwa kujizuia, basi baada ya kucheka, mmoja wenu aniambie vitunguu vya pilau vinakaangwa mpaka viwe rangi gani.